Naomba ushauri: niyavunje mabenchi ya kijiwe changu cha kahawa?

Mwana wa Chikongola
Wakuu, habari za mchana. Nauza kahawa hapa Mtwara mjini, kijiwe nilichoachiwa na marehemu baba. Nina birika mbili, jiko la makaa, mabenchi mawili ya mninga ya kukaa watu kumi na wawili, na bao moja chini ya mkungu. Kikombe 200, kashata 100. Korosho za msimu huu zimenibakishia laki nane, nataka kukarabati.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Dar kuangaliwa goti. Tulipotoka hospitali nikaona nimnyweshe kahawa ya kisasa. Tukaingia tawi la mgahawa mmoja wenye matawi mengi, niliokuwa naukumbuka kwa makochi yake. Wameufumua wote. Taa nzuri, kuta za mbao, kaunta ndefu, ila makochi hamna tena. Zimebaki stuli zinazofika kiunoni, na vijana wa pikipiki wanaingia, wanaonyesha simu, wanachukua, wanatoka. Mama akazitazama zile stuli, akaniuliza, "Mwanangu, huko juu nitapandaje?" Akanywea mlangoni amesimama, kikombe cha karatasi amekizungushia ncha ya kanga maana kilikuwa kinaunguza. Iliniuma sana.

Sasa fundi wangu ananishauri mambo yaleyale. Anasema mzee ananunua kikombe kimoja, anakaa saa mbili. Nitoe mabenchi, nijenge kaunta upande wa barabara, bodaboda na wanachuo wachukue waende zao. Hesabu yake naielewa, moyo ndio unakataa. Nifanyeje?

Mchuuzi Halisi
Mkuu, fundi hajakosea. Biashara ni mzunguko. Wazee tunawaheshimu, lakini kodi ya pango hailipwi kwa salamu. Jaribu kaunta miezi mitatu.

Mwana wa Chikongola
Nashukuru mkuu. Ila saa za wazee ni baada ya swala ya alfajiri mpaka saa mbili, na wakati huo bodaboda bado wachache. Jioni ndio wanagongana.

Mnewala Ughaibuni
Ndugu yangu, mimi mtu wa Newala, niko Marekani mwaka wa tisa. Starbucks, kampuni kubwa ya migahawa ya kahawa ya huku, wamepita njia hiyohiyo anayokuonyesha fundi. Walianza Seattle 1971 wakiuza kahawa ya kukaanga ya kupeleka nyumbani. Mwaka 1983 Howard Schultz, aliyekuwa mtu wao wa masoko, alikwenda Milan, Italia, akaona jinsi Waitaliano wanavyokutana kwenye kahawa kama sisi barazani, ndipo akashika wazo la kuwapa watu mahali pa tatu, baada ya nyumbani na kazini. Baadaye maagizo ya simu yakazidi, na matawi mengi yakapunguza viti. Brian Niccol alipoingia kuongoza Septemba 2024, wakaanza kurudi nyuma: vikombe vya kauri kwa anayekaa, maziwa na sukari mteja ajiwekee mwenyewe, viti vya kutulia. Julai 2025 wakatangaza kuachana na yale maduka ya kuchukua tu. Wao wana fedha za kubomoa na kujenga upya. Hiyo laki nane yako ikipotea, utasubiri msimu mwingine.

Kijana wa Mbinga
Mabenchi acha. Mimi nauliza kahawa unachukua wapi? Arabika ya kwetu Mbinga inashuka kwa lami kupitia Songea, Tunduru na Masasi mpaka hapo. Nunua mbichi, kaanga mwenyewe pale kijiweni. Harufu itawavuta watu kabla hawajaona rangi ya ukuta.

Bi Mikindani
Mwanangu, kisa cha mama yako nimekisoma mara mbili. Nikuulize, na usiudhike: kwenye kijiwe chako mwenyewe, mama amewahi kukaa? Huku kwetu wanaume wanajaa barazani tangu alfajiri, sisi kahawa tunaletewa ndani kwenye chupa. Ukikarabati, anzia hapo. Upande wa ukuta, mbali na bao, jenga baraza ya saruji yenye mgongo. Kimo kiwe sentimita 45 hivi, miguu iguse chini, na uweke pa kushikia mtu anaponyanyuka. Bati liinue, uache uwazi juu ya ukuta upepo wa bahari upite, joto la Desemba unalijua. Hao wa kuchukua na kuondoka wafungulie dirisha dogo upande wa barabara, linawatosha.

Mwana wa Chikongola
Shikamoo mama. Hajawahi. Miaka yote nampelekea kwenye chupa, na wala sikuwahi kuliona hilo mpaka umeniuliza. Dirisha nimelikubali. Fundi anakuja Jumamosi na futi yake, nitamwita na mama aje akae kwenye kiti, tumpime goti lake lenyewe kabla ya kumwaga saruji. Mkuu wa Mbinga, gunia la kilo 60 linafika hapa kwa shilingi ngapi?