MJADALA: Hurricane ndiyo iliyopigana 1940, kwa nini mapenzi yote yakaenda kwa Spitfire?

Boriti: Wakuu, nalileta kwenu. Katika vita vya angani vya 1940 kati ya Uingereza na Ujerumani, Waingereza walikuwa na ndege mbili kuu za kivita, Hurricane na Spitfire. Skwadroni (vikosi vya ndege) za Hurricane zilikuwa nyingi kuliko za Spitfire, na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Mbunifu Sydney Camm aliijenga Hurricane kwa mabomba ya chuma, mbao na kitani kilichopakwa dawa ya kukaza. Risasi ikipenya kitambaa, fundi wa kikosi anashona kiraka, anapaka, kikikauka inaruka. Spitfire ilikula saa nyingi zaidi kiwandani. Umaarufu wake ni propaganda tu, pamoja na sufuria za akina mama.

Kipanga77: Kitani hicho hicho kiliwaunguza marubani. Tangi la akiba la mafuta la Hurricane lilikaa mbele ya miguu ya rubani. Likipigwa, moto unaingia chumbani kwake. Hilo umeliruka makusudi.

Mama Ribiti: Ndugu Boriti, "sufuria za akina mama" ni maneno ya dharau. Julai 1940 Beaverbrook, waziri wa utengenezaji wa ndege, aliwaomba wanawake wa Uingereza alumini ya jikoni ya kutengenezea ndege, wakatoa walichokuwa nacho wakati wa vita. Kosa lao nini?

Boriti: Sijamdharau mtu. Nasema alumini hiyo haikufaa kutengeneza bawa.

Kalibu: Hapo Boriti yuko sahihi. Sufuria ni alumini karibu tupu, laini. Bati la ndege ni duralumini: shaba kama asilimia 4, magnesi na manganizi kidogo. Linapashwa hadi karibu nyuzi 500, linazamishwa majini, kisha linakomaa siku kadhaa. Ribiti zake, yaani pini za kuungia bati, zikishatoka kwenye maji una saa mbili hivi za kuzigonga; ukichelewa zinakuwa ngumu na vichwa vinapasuka. Sasa changanya sufuria zenye mishikio na misumari ya chuma: chuma kikishayeyukia ndani ya alumini hakitoki kirahisi, na bati linakuwa la kuvunjika.

Mama Ribiti: Si kila alumini lazima iwe bati la bawa! Chakavu kinaweza kwenda kwenye vyuma vya kumimina visivyobeba mzigo.

Kalibu: Kinaweza. Lakini waliambiwa sufuria zao zitakuwa Spitfire na Hurricane, hawakuambiwa vyuma vya kumimina.

Kipanga77: Turudi kwenye saa za kiwandani. Boriti kuu ya bawa la Spitfire ni mabomba ya mraba yaliyoingizana, mengi kwenye shina, yakipungua kuelekea ncha. Mbele yake bati nene linafunga umbo la D. Bawa lenyewe ni duaradufu, kwa hiyo kila ubavu wa ndani ya bawa una kipimo chake. Ndiyo maana Castle Bromwich, kiwanda kilichoagizwa Spitfire 1,000 mwaka 1939, hadi Mei 1940 hakikuwa kimekamilisha hata moja.

Boriti: Usilisingizie bawa! Pale uongozi ulikuwa mbovu. Beaverbrook alimnyang'anya kiwanda Nuffield, tajiri wa magari aliyekiendesha, akawapa kampuni ya Vickers, Juni zikatoka Spitfire 10. Bawa ni lile lile. Na kiwanda cha Spitfire cha Woolston, Southampton, kilipopigwa mabomu Septemba 1940, kazi ikatawanywa kwenye magereji na madobi ya mji huo, bawa hilo hilo likaendelea kutengenezwa.

Kipanga77: Kumbe sasa unaitetea Spitfire?

Mama Ribiti: Mnabishana bati, watu walichanga fedha. Mfuko wa Spitfire uliweka bei ya ndege pauni 5,000, ingawa gharama halisi ilizidi. Orodha ilikwenda kifaa kwa kifaa: bawa pauni 2,000, bunduki 200, ribiti moja peni sita. Mtoto mwenye peni sita aliweza kusema ribiti ile ni yake.

Kalibu: Na makoloni yakachangishwa pia. Skwadroni 249 ikapewa jina la Gold Coast (Ghana ya leo), na wakati wa vita vya 1940 ilikuwa inarusha Hurricane. Boriti, hiyo uliijua?

Boriti: Naijua vizuri. Sasa niambie kwa nini mfuko haukuitwa Mfuko wa Hurricane.