Graça Machel: je, alipewa uwaziri kwa sababu ya mume wake?

Swali

Ndugu zangu, wanafunzi wangu wa sekondari wanamfahamu Graça Machel kama mjane wa marais wawili tu, Samora Machel wa Msumbiji na Nelson Mandela wa Afrika Kusini, na mmoja wao ameniuliza iwapo alipewa Wizara ya Elimu na Utamaduni ya Msumbiji kwa sababu ya ndoa. Ninajua kwamba alipitia hapa Tanzania wakati wa harakati za ukombozi. Naomba kueleweshwa alifanya nini, na kazi hiyo ilihusiana vipi na uwaziri wake.

Jibu la kwanza

Mwalimu, mfuatano wa matukio unatosha kumjibu kijana wako. Graça Simbine, kama alivyoitwa wakati huo, aliingia katika serikali ya kwanza baada ya uhuru wa 25 Juni 1975, na ndoa yake na Samora Machel ilifungwa baadaye mwaka huo huo. Alizaliwa katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, mwaka 1945, akasoma Lisbon kwa ufadhili, na polisi wa siri wa Ureno walipoanza kumfuatilia alikimbilia Uswisi, kisha akajiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, nchini Tanzania mwaka 1973. Alipata mafunzo ya kijeshi, lakini jukumu alilopangiwa lilikuwa kufundisha katika shule ya sekondari ya FRELIMO huko Bagamoyo, ambako watoto wa wakimbizi na wapiganaji waliandaliwa kuiongoza nchi ambayo ilikuwa bado haijakombolewa. Kwa maoni yangu, huo ndio msingi wa uwaziri wake.

Jibu la pili

Naafiki, ila tusisahau uzito wa mzigo wenyewe. Wakati wa uhuru, takriban watu 93 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika, na Wareno wengi, walimu wakiwamo, walikuwa wameondoka. Mwaka 1977 wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari walikatishwa masomo ili wakafundishe wenzao. Wengi walikuwa vijana wadogo mno, na jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria. Uandikishaji katika shule za msingi uliongezeka sana, kisha vita vya Renamo, kundi la waasi, vikageuza shule na walimu kuwa shabaha. Alipoacha wizara mwaka 1989 alikuwa ameshuhudia sehemu kubwa ya kazi yake ikiteketezwa, na sishangai kwamba Umoja wa Mataifa ulimkabidhi utafiti kuhusu watoto katika vita, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1996.

Jibu la tatu

Mimi ninamheshimu sana mama huyu, lakini lipo suala la lugha. Kireno kilibaki kuwa lugha pekee ya kufundishia, hata katika mkoa wa kaskazini wa Cabo Delgado, ambako mtoto alifika darasani akizungumza Kimakonde au Kimwani. Uamuzi ulikuwa wa chama kizima, kwa hofu ya ukabila, lakini wizara yake ndiyo iliyoutekeleza, na kwa watoto wengi wa vijijini mwaka wa kwanza shuleni ulikuwa wa kukariri maneno wasiyoyaelewa.