Mjadala: Lamu ibaki na wabunge wawili au kiti kimoja kije Malindi?

Mpiga kura wa Ganda: Wana Pwani, naomba tulijadili hili kwa nambari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 333,226 katika kaunti ndogo ya Malindi. Lamu Mashariki ilikuwa na 22,258. Sisi mbunge mmoja, wao mbunge mmoja, na kila eneo bunge lina fungu lake la NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Yaani basari wanayogombania watoto wa Malindi ingekuwa Faza, huko Lamu Mashariki, watu wangegawana wakiwa wachache mara kumi na tano.

Na mipaka si msahafu. Eneo bunge la Bahari tulilipigia kura 2007. Kufika 2013 limekuwa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Rabai ilimegwa Kaloleni. Kule Mombasa, Nyali ilitoka Kisauni na Jomvu ikatoka Changamwe. Nchi ilianza na maeneo 117 mwaka 1963, yakafika 210 mwaka 1997, kisha Katiba ya 2010 ikafunga hesabu kwa 290. Gawa Wakenya wa 2019 kwa 290, unapata kama 164,000 kwa kila eneo. Lamu nzima ina 143,920. Kilifi ina 1,453,787 na wabunge 7. Ilistahili karibu 9. Nasema Lamu iwe eneo moja, kiti kije huku. Nipingeni.

Mwana wa Kizingitini: Ndugu yangu, hiyo ni hesabu ya mtu wa barabara. Sisi kufika Amu, mji wa Lamu, ni boti, na kusi ikichachamaa nahodha akakataa kutoka, siku imekwisha. Kiunga iko mpakani na Somalia. Basuba ni msitu wa Boni, ambako shule zilifungwa kwa sababu ya mashambulizi. Mbunge wa Lamu nzima siku zote atakuwa Mpeketoni na Hindi, kwenye kura nyingi. Kiunga atakwenda lini? Ibara ya 89 ya Katiba, ile ya mipaka, haikutaja idadi peke yake. Imetaja umbo la nchi, njia za mawasiliano, historia na utamaduni.

Wakili mstaafu: Imetaja, lakini teremka hadi kifungu cha 6. Sehemu zenye watu waliotawanyika zinaruhusiwa kupungua kwa asilimia 40 chini ya ule wastani wa 164,000, basi. Hapo ni kama 98,400. Lamu Mashariki haifiki robo yake. Mwaka 2012 ilipona kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba lilisema mapitio ya kwanza yasifute eneo lililokuwapo. Othaya na Mukurweini kule Nyeri zilipitia mlango huo huo, kwa hiyo tusijifanye ni shida ya visiwa tu. Kinga ile ilikuwa ya mara moja.

Mkaazi wa Gongoni: Kwani lazima tunyang'anyane? Si yaongezwe tu.

Wakili mstaafu: BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ilijaribu kuongeza 70. Mahakama ya Juu ikasema Machi 2022 kwamba wananchi hawakushirikishwa katika mgao huo. Na kwa sasa hata mapitio ya kawaida yamechelewa: kikomo cha miaka 12 tangu yale ya 2012 kilitimia Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) haina kamishna hata mmoja, na wapya waliapishwa Julai 2025. Juu ya hapo, mipaka isipokamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi, uchaguzi huo haitumiki.

Mkaazi wa Gongoni: Basi tuanzie nyumbani. Ganze ina watu 143,906, Malindi imefurika. Hamisheni wadi ya Jilore iende Ganze, hakuna Mlamu atakayeguswa.

Mama wa Jilore: Hamisheni nani? Sisi soko letu Malindi, hospitali yetu Malindi. Mnataka nikitafuta sahihi ya fomu ya basari nizunguke mpaka Ganze, na gari lenyewe nilisubiri hadi lini? Mwaniongelea kama gunia la mahindi.

Mpiga kura wa Ganda: Mama, shikamoo. Hoja yako ndiyo ya Mwana wa Kizingitini, naye ana bahari. Lakini ukikataa kuhama, Malindi ibaki hivi hivi? Mimi naona igawanywe ndani: Jilore, Kakuyuni na Ganda upande wa bara, mji na Shella upande wa pwani. Kiti kitatoka wapi ndipo tunapogombana, na mwenye jina la eneo jingine la kupunguzwa alitaje hapa, pamoja na idadi ya watu wake.