Ukurutu wa mtoto: vaselini, mafuta ya nazi au krimu ya steroidi?

MamaKiamunyi (Nakuru)
Wenzangu, binti yangu ana mwaka na nusu, na ana ukurutu (eczema), ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha. Februari mikunjo ya viwiko ilipasuka, usiku hatulali. Nikaanza kumpaka mafuta ya nazi, na kufikia mwisho wa Machi ngozi ilikuwa laini. Nilimhubiria nazi kila jirani! Julai ukarudi, na mafuta ni yale yale. Juzi tumekaa wiki moja kwa nyanya yake Kisumu: mikono ikatulia, shingo ikachachamaa. Nichague nini?

BabaPacha (Lanet)
Tulianza na nazi, tukahamia vaselini. Nazi inanukia vizuri, lakini kwa upepo na vumbi la huku saa nne asubuhi ngozi imeshakauka tena. Vaselini inakaa juu na kuzuia maji yasitoke. Kasoro yake mtoto anateleza kama kambare, na kwenye joto la Kisumu ukimpaka nene shingoni unafungia jasho ndani.

NesiMstaafu (Kondele)
Mama, hizo mbili usizishindanishe na steroidi. Ngozi ya ukurutu ni ukuta wa udongo wenye nyufa: unyevu unatoka, sabuni na vumbi vinaingia. Mafuta yanaziba nyufa, na ni ya kila siku, hata akiwa mzima. Mpake akitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na umajimaji. Haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni krimu ya steroidi isiyo kali, ni ya kutuliza ukurutu ukishawaka, kwa siku ulizoandikiwa. Zile krimu zinazochanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki ziache dukani. Zinatuliza upesi, ila zikitumiwa ovyo ngozi hukonda.

Tena usingoje wekundu. Kwa ngozi zetu ukurutu mara nyingi huonekana mweusi zaidi au wa kijivu. Ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mbale_Vihiga
Kwetu shida ilikuwa mayai. Tulipoacha, kijana akapona.

HesabuTu (Kakamega)
Ndugu, mliacha mayai akiwa amezidiwa, sivyo? Hapo ndipo sote tunapotegwa. Ukurutu hupanda na kushuka wenyewe, na mzazi hubadilisha kitu siku mbaya kuliko zote. Ukishuka, sifa zinakwenda kwa kilichokuwa mkononi. Nazi ya Mama ilianza kwenye ukame, halafu mvua za Machi zikaingia. Mama, Julai mtoto alivaa nini?

MamaKiamunyi
Sweta ya sufu aliyofumiwa na nyanya. Na maji ya kuoga ya moto kwa sababu ya baridi. Haya, nimeelewa.

NesiMstaafu
Ongeza na Kisumu: unyevu wa ziwa ulisaidia mikono, jasho likachoma shingo. Kuhusu mayai, wapo watoto ambao ni kweli, hasa wakivimba au kutoka vipele muda mfupi baada ya kula. Lakini usimkatie mtoto chakula kwa kubahatisha.

HesabuTu
Jaribu hivi ngozi ikiwa imetulia: mkono wa kushoto nazi, wa kulia vaselini, wiki mbili. Hali ya hewa ni moja, sabuni ni moja, mtoto ni yule yule.

MamaKiamunyi
Siku ya tisa. Wa kulia ni laini, wa kushoto umeanza kukwaruza. Tatizo ni kwamba nimemfuma akiulamba huo wa nazi, na dada anasema hufanya hivyo kila siku. Naanza upya, safari hii na mikono mirefu.