Msaada wa haraka: ruhusa ya kuimba "Africa" ya Toto kwa Kiswahili ukumbini

Kutoka: Katibu wa Kwaya

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa wote.

Sherehe yetu ya Muungano inakaribia, na leo asubuhi nimepata barua pepe kutoka ofisi inayosimamia ukumbi. TEN (ile taarifa ya shughuli ya muda tunayopeleka kaunsili huku Uingereza) imepita, ada imelipwa, risiti ninayo. Sasa wanasema hatuwezi kupanda jukwaani na "Africa" ya Toto, ile bendi ya Marekani, kwa sababu kwenye fomu ya ratiba niliandika "kwa Kiswahili, maneno yamebadilishwa kidogo". Wanataka barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye wimbo. Nimewaeleza kwamba ukumbi una leseni ya PPL PRS, ile ya kupiga muziki hadharani, imebandikwa pale mlangoni. Wamejibu kuwa hiyo ni ya wimbo kama ulivyo. Nikapiga simu: aliyepokea akanipeleka kwa mwenzake, mwenzake akanirudisha kwa yule yule.

Kwaya imeuhangaikia wimbo huu tangu baridi ianze. Sauti nne, ngoma, hakuna kinanda. Naomba kujua jambo moja tu: barua ya namna hiyo inaombwa wapi na kwa fomu gani?

Kutoka: Mzee wa Manchester

Marahaba mwanangu. TEN mliipeleka lini? Inapelekwa siku kumi za kazi kabla, na haihesabiwi siku waliyoipokea wala siku ya shughuli yenyewe. Kuna mwaka kikundi chetu kilichelewa, ikabidi tutumie TEN ya kuchelewa. Watu wa mazingira wa kaunsili wakaweka pingamizi la kelele. Ile ya kuchelewa ikipingwa hakuna kikao cha kujitetea, ndiyo imekwisha. Pilau tuliigawana milangoni kwa watu.

Halafu angalieni idadi. Kikomo cha watu 499 ni pamoja na wapishi na wanakwaya. Kila mwaka watu wanasahau kuhesabu wanakwaya.

Kutoka: Da Mkubwa, Reading

Shikamoo mzee. Ameshasema TEN imepita. Anauliza habari ya wimbo.

Na tusichanganye mambo. TEN hapo ni kwa ajili ya bia. Mambo ya kaunsili na mambo ya hakimiliki ni ofisi mbili zisizojuana. Leseni ya ukumbi inalipia kuupiga wimbo mbele ya watu. Kuutafsiri au kubadilisha maneno ni haki nyingine, ipo kwenye ile sheria ya hakimiliki ya 1988, na anayeitoa ni kampuni inayosimamia utunzi, siyo PRS.

Kutoka: Mjomba wa Bremen

Huku Ujerumani ni GEMA, ndio wanaosimamia haki za watunzi wa muziki. Mkishamaliza onyesho mnajaza orodha ya nyimbo zote mlizopiga, jina la wimbo na mtunzi, mnaituma. Kwetu haijawahi kuleta shida. Jazeni orodha, mtulie.

Kutoka: Da Mkubwa, Reading

> Jazeni orodha, mtulie.

Kaka, yeye yuko Uingereza. Na orodha hiyo haikupi ruhusa ya kubadilisha maneno hata huko uliko.

Kutoka: Mkenya wa Leeds

Mimi hainiingii akilini kabisa. Wimbo huu umefanyiwa kila kitu! Umetoka 1982, ukashika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1983, na tangu hapo haujapumzika. Nas aliuchukua akaurapia kwenye "New World" mwaka 1999. Karl Wolf akaufanya R&B. Leo Moracchioli wa Norway ameupiga metali ya magitaa mazito. Weezer waliurekodi 2018 baada ya mashabiki kuwasumbua mtandaoni kwa miezi, na Toto wakawajibu kwa kuupiga "Hash Pipe" wa Weezer. Kuna hata msanii aliyetega spika za sola katika jangwa la Namib, wimbo ukawa unajirudia huko mchangani pasipo mtu.

Lakini kwa kwaya yenu naomba msikilize Perpetuum Jazzile, wale wa Slovenia. Hawana chombo hata kimoja. Wanaanza kwa kusugua viganja, halafu vidole, halafu mapaja, mwisho wanaruka kwa miguu na mvua inanyesha ukumbi mzima. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza niliona bati la nyumba ya nyanya yangu Kakamega, ile mvua ya saa kumi jioni. Tangu nihamie hapa sijawahi kuisikia mvua ya kweli. Hii ya Leeds inalowesha tu.

Kutoka: Mzaliwa wa Moshi

Nimefurahi kuusikia wimbo huu ukizungumzwa hapa, ila kuna jambo linanikera kila unapopigwa. Maneno yanasema Kilimanjaro inasimama kama Olympus juu ya Serengeti. Serengeti! Kutoka Kibo mpaka tambarare za Serengeti ni kilomita mia mbili na zaidi, na katikati pana Meru na nyanda zote za juu za Ngorongoro. Ukisimama Seronera utafute Kilimanjaro utatafuta mpaka uzeeke. Na Olympus ya Wagiriki haifiki mita 3,000. Kibo ni 5,895. Mlima wetu ni karibu mara mbili yake, halafu ndio unafananishwa nayo?

Kama kwaya imebadilisha maneno, natumaini mlianzia hapo.

Kutoka: Katibu wa Kwaya

Ndiyo kaka, hapo hapo. Tumeweka Moshi na Machame, na mama mmoja wa sauti ya pili aliomba Rombo nayo iingie. Ndiyo maana ofisi wanasema maneno yamebadilishwa. Bado naulizia barua jamani.

Kutoka: Mkenya wa Leeds

> Ukisimama Seronera utafute Kilimanjaro

Mngeweka Amboseli. Hapo ndipo mlima unaonekana vizuri kuliko popote, asubuhi kabla ya mawingu.

Kutoka: Mzaliwa wa Moshi

Unaonekana kutoka Kenya. Uko Tanzania.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Cardiff

Wanangu, msiuonee sana wimbo. David Paich wa Toto aliutunga akiwa Los Angeles, wakati huo hajawahi kufika Afrika. Alisoma shule ya Kikatoliki ambako baadhi ya walimu walikuwa wamefanya umisionari Afrika, akakua na masimulizi yao. Na Jeff Porcaro, mpiga ngoma, alieleza kwamba akiwa mtoto alikwenda kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, akawaona wapiga ngoma wa Kiafrika wakishika mdundo mmoja bila kuyumba, na hakuusahau. Studioni yeye na Lenny Castro wa konga walirekodi mdundo mrefu, wakachagua kipande kilichotulia kuliko vyote, wakakizungusha kwenye mkanda mpaka mwisho wa wimbo. Kwa hiyo jiografia ni ya mtu aliyesimuliwa, lakini ngoma ni ya mtu aliyewasikiliza wapigaji kwa makini. Mimi hilo naliheshimu.

Na ninaamini kwa dhati kwamba watu wa Moshi wakiuimba kwa Kiswahili, na majina ya vijiji vyao ndani, wimbo unapata kitu ambacho hao wengine wote hawakuweza kuupa. Wa metali ameongeza nguvu, Waslovenia wameongeza mvua. Hakuna aliyeuimba akiwa na shamba la kahawa chini ya mlima huo.

Kutoka: Ami, zamani Mombasa

Assalaam alaykum. Mwalimu umenena vyema. Ila mimi naumia kwa jengine. Sisi twaulizwa barua ya ruhusa kwa wimbo wa Toto. Je, vyetu vilipochukuliwa? "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms imepigwa na Boney M. mwaka 1983, imepigwa katika kila hoteli kutoka Malindi hadi Diani. Nani aliyesimama mlangoni mwa hoteli akauliza barua? "Malaika" ya Fadhili William imezunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba na Belafonte, na Fadhili mwenyewe hakutajirika nayo.

Kutoka: Mzee wa Manchester

"Malaika" ni ya Adam Salim. Mtanzania.

Kutoka: Mkenya wa Leeds

Mzee, kwa heshima zote, aliyeirekodi kwanza ni Fadhili. Mambo ya Adam Salim ni madai.

Kutoka: Mzee wa Manchester

Hata haya ya Fadhili ni madai. Kurekodi si kutunga. Serikali zetu zingekuwa na ofisi za hakimiliki zenye meno tangu tulipopata uhuru, leo tusingekuwa tunabishana, na familia zote mbili zingekuwa zinakula jasho la wazee wao. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, imekuja baada ya sheria ya 1999. Wazee wangapi walikuwa wameshakufa?

Kutoka: Ami, zamani Mombasa

Hilo nakuunga mkono mia kwa mia. Mzungu akichukua chetu ni utamaduni wa dunia nzima, sisi tukigusa chake ni fomu.

Kutoka: Da Mkubwa, Reading

Si kweli kwamba wao hawajazi fomu. Weezer nao watunzi wanalipwa kwa kila nakala. Tatizo ni kwamba wetu hawakusajiliwa mapema. Tuwe wakali hapo penye tatizo.

Kutoka: Katibu wa Kwaya

Da Mkubwa, hiyo kampuni ya utunzi ni ipi, na je, wanajibu vikundi vidogo kama sisi? Ofisi wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Kiongozi wa kwaya anasema tukishindwa tutaimba kwa Kiingereza kama ulivyo, na kina mama wa sauti ya pili wamekataa katakata kuiweka Kilimanjaro Serengeti.

Kutoka: Mzaliwa wa Moshi

Wamefanya vyema kukataa. Wape salamu zangu.

Kutoka: Mjomba wa Bremen

Hizo ngoma mnazo za namna gani? Mkitumia konga za dukani mdundo ule hautakaa. Ninazo mbili za Bagamoyo, ngozi ya ng'ombe, zimetunzwa vizuri. Nakuja Uingereza kwa gari wiki mbili kabla ya Muungano. Nani anaweza kuzipokea Dover?

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Cardiff

Shemeji yangu yuko Folkestone, ana gari kubwa. Nakutumia namba yake pembeni. Zifunge blanketi, unyevu wa baharini unalegeza ngozi.