Naomba ushauri: tunataka kuukarabati uwanja wa ziara ya mtaani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mtaani kwetu hapa kisiwani tuna ziara ya zamani, kaburi la shehe lenye kuta za mawe ya matumbawe, na pembeni uwanja wenye mibuyu miwili. Utotoni tulicheza gololi pale. Leo ni jaa la taka na maegesho ya tuktuk. Vijana tumechanga tuurudishe uwe bustani ya watu: mabenchi, taa, bomba la maji.

Kinachotukwaza ni ukuta. Fundi ataka kuupiga lipu ya saruji ung'are. Babu yangu amekataa katakata. Asema jiwe la matumbawe lataka chokaa na mchanga lipate kupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikalila jiwe polepole. Namwamini mzee, lakini chokaa ya kuchomwa kwa tanuu naipata wapi siku hizi, na nani bado ajua kuikoroga?

Halafu kibali. Sheria ya turathi ya Kenya ya 2006 yawapa Makumbusho ya Taifa ulinzi wa majengo ya kale. Tuanzie Fort Jesus, kwa hao Makumbusho, au kaunti?

Na kuna mabibi wanaoleta ubani na marashi kaburini. Wenzangu wengine wataka tufunge geti kabisa, eti ni shirki. Mimi naona bustani bila hao bibi ni uwanja mtupu tu. Waliowahi kusuluhisha jambo kama hili, mlikaa na nani kwanza: imamu au familia ya marehemu?