Nimefungua uzi kwa sababu ya uzi. Asiniambie mtu tena kwamba "zawadi ni moyo"

Wakuu, poleni kwa urefu. Mkono mmoja una simu, mwingine umeshika sweta ambalo wiki tatu zilizopita lilikuwa la kaka yangu, mwanaume mzima mwenye mabega, na leo halimtoshi hata mtoto wa chekechea. Wasimamizi, msiupeleke uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho. Sicheki.

Kaka yangu ni mtu wa kusikia baridi. Akikaa karibu na dirisha tu anaanza kujikunyata. Nikaamua kumfumia sweta bila kumwambia. Nilichukua kwa siri sweta lake la zamani, lile analolivaa mpaka viwiko vimetoboka, nikalilaza mezani nikapima kifua, mikono na kina cha shingo. Nikakumbuka kwamba lile kila akilivaa anakunja mikono, maana yake ni mirefu, nikapunguza sentimita 3. Uzi wa sufu halisi, zaidi ya mita 1,200, jioni baada ya kazi kwa miezi miwili na nusu. Kipande cha mgongo kilipofika kwapani nikagundua nilikosea hesabu ya vitanzi mistari kumi chini. Nikafumua. Hakuna ambaye angeliona kosa lile, lakini mimi ningeliona kila akipita mbele yangu.

Nikapachika na kikaratasi kwa pini, kwa herufi kubwa: MAJI YA BARIDI, USISUGUE, USIKAMUE, LIANIKE LIKIWA LIMELALA.

Wifi yangu akalitia kwenye mashine ya kufulia pamoja na majinzi. Nyuzi joto 60.

Kwa wasiojua, unyoya wa kondoo ukitazamwa kwa darubini una magamba madogo yaliyopangana kama ya samaki. Maji ya moto na msukosuko hufanya magamba hayo yanasane, kila mashine inapozunguka yanabanana zaidi, na sufu ikishashikana hivyo haiachii. Kuna wanaoshauri uliloweke kwenye kondishona ya nywele kisha ulivute taratibu. Nimeloweka. Nimevuta. Nimepata zulia lenye mikono.

Na bado ningelimeza, maana kusahau ni kwa kila mtu. Kilichonichoma ni jibu lake. "Aa wifi, si utafuma jingine? Kwani uzi bei gani?" Nilipokaa kimya akaongeza: "Usikasirike bwana, zawadi ni moyo."

Moyo wa nani, wifi?

Hebu chunguzeni hii kauli inatoka midomoni mwa nani. Sijawahi kuisikia kwa mtu aliyehangaika. Anayeisema ni yule aliyepita dukani dakika kumi kabla ya sherehe akachukua kilichokuwa karibu na mlango. Kauli hiyo ameigeuza kuwa ngao: ukilalamika, wewe ndiye huna shukrani, wewe ndiye unahesabu vitu. Wifi huyuhuyu kwenye siku yangu ya kuzaliwa hunipa mshumaa wa manukato. Mwaka wa tatu huu mfululizo. Mimi nina kipandauso. Mwaka juzi nilitoka nyumbani kwake nimefumba jicho moja kwa sababu ya mshumaa wa aina hiyohiyo, na aliyekimbia kunifungulia dirisha ni yeye mwenyewe! Sasa huo moyo ulikuwa wapi wakati mkono unachukua mshumaa?

Na kabla hamjaniambia nataka vitu vya gharama: rafiki yangu mmoja alinipa kihesabio cha mistari, kidude cha kuvaa kidoleni kama pete. Alikuwa ameniona nikichora vijiti kwa penseli nyuma ya bahasha ili nisipotee kwenye hesabu. Hakusema kitu siku ile. Miezi minne baadaye ndiyo nikakiona, kimefungwa kwenye bahasha ileile yenye vijiti vyangu. Ninacho mpaka leo.

Najua kuna atakayekuja na hoja ya "toeni hela tu, zawadi ni hasara". Sawa, mchumi Joel Waldfogel aliandika hivyo mwaka 1993. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu vitu walivyopewa wanavithamini kwa kiasi gani, akalinganisha na gharama, akasema kati ya sehemu ya kumi na theluthi moja ya thamani hupotea. Lakini wanaomtaja huwa wanaruka jambo moja: aliwataka wasihesabu thamani ya hisia. Yaani ameondoa lile lile tunalogombania hapa, kisha akapima kilichobaki! Na hata kwa hesabu hiyo, zawadi za marafiki na wapenzi zilipoteza kidogo kuliko za ndugu wa mbali. Anayekujua hakosei sana. Wifi yangu si ndugu wa mbali, tunaonana kila wiki.

Sasa na mimi nijiseme, kabla hajaja mtu anayenifahamu kunisemea. Niliwahi kumtengenezea mama albamu. Nilijitahidi kwelikweli: karatasi isiyo na asidi ili picha zisigeuke njano, hakuna gundi, kila picha imeshikwa na vikona vya karatasi, majina nyuma kwa penseli laini. Mama akafungua, akasifia, akafunua kurasa mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akafunua tena. Nikajua anatafuta kitu. Alikuwa anamtafuta mdogo wake, mama yetu mdogo aliyefariki. Hayumo. Nilikuwa nimechagua picha ninazozipenda mimi, na nusu yake nimo mimi mwenyewe. Sikumuuliza hata swali moja. Bahati nzuri ya vile vikona ni kwamba picha hutoka bila kuchanika, tukakaa chini na lile boksi la picha, akapanga yeye. Mimi nikawa wa kukata vikona tu.

Kwa hiyo sisemi cha mkono ni bora kuliko cha dukani. Kuna vya mkono vinavyotengenezwa ili mtengenezaji asifiwe, na nimevitengeneza. Ninachosema ni kwamba mtu akikuangalia vizuri ukajua amekuangalia, usimrudishie "si utafuma jingine".

(Na nyie mnaoniandikia faragha "nifumie na mimi basi, la wikiendi hii", someni tena ile miezi miwili na nusu.)

Leo asubuhi amenitumia ujumbe. "Wifi, kaka yako analiulizia sweta lake, anasema lilimkaa vizuri kuliko yote. Safari hii bluu." Kaka wa watu hajui hata lilivyokufa, ameambiwa liko kwangu linarekebishwa.

Sijamjibu. Ila uzi wa bluu nimeshauagiza, na ni akriliki, uzi wa kiwandani usio na magamba ya kunasana kama sufu. Walitie kwenye mashine na majinzi, na viatu wakitaka. Sijui kama ni huruma au kisasi. Mwenye kujua akriliki isiyotoa vijidonge vya nyuzi kwapani baada ya kufuliwa mara mbili tatu aniambie upesi, duka linakubali kubadilisha mpaka Ijumaa.